Fundi aliyenihamishia tangi la samaki wa bahari: nyota nne, na ya tano nimeizuia

Nimengoja miezi mitatu kabla ya kuandika haya, na nimengoja makusudi. Mtu akikuhamishia makochi, jioni ile ile unajua kama mguu umevunjika au haukuvunjika. Samaki wa maji ya chumvi hawako hivyo. Siku ya kuhama wote huwa wazima, wanaogelea, unamshukuru fundi na kumwongezea ya soda. Wanakufa juma la pili, wakati fundi ameshaanza kubadilisha njia akikuona sokoni.

Mimi nilihama katikati ya mwezi wa tano, hapa hapa Mombasa, kutoka ghorofa ya pili Kibokoni kwenda Kiembeni, nyumba ya chini, alhamdulillahi, maana magoti yangu na zile ngazi tulikuwa hatusemezani tena. Tangi lenyewe si langu kwa asili. Ni la kijana wangu, aliyekwenda Doha kikazi akaniachia na maneno matatu: "Ni samaki tu." Samaki tu! Nimefanya kazi ya maabara miaka 31, nimepima damu za watu wa kila aina, na sijawahi kushughulishwa kama nilivyoshughulishwa na hawa wanne.

Wanne wenyewe ni klauni wawili, mume na mke (yule mkubwa ndiye jike, na ndiye mwenye nyumba, mume anafuata nyuma kimya), kitatange mdogo mwenye mgongo wa rangi ya chungwa, asiyezidi urefu wa kidole, na kangaja mmoja wa buluu mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni. Huyu kangaja namwita Daktari, kwa sababu ana kisu kila upande wa shina la mkia na hasiti kufanya upasuaji. Yumo pia kamba msafishaji mmoja, na konokono ambao sijawahi kuwahesabu wakakubaliana mara mbili. Tangi ni sentimita 120 kwa 50 kwa 50. Wajuzi watasema lita 300 ni kidogo kwa kangaja, na wana haki. Lakini ndiye niliyemrithi.

Kabla sijamsifu mtu, niseme nilikotoka. Miaka miwili nyuma tangi hili lilihamishwa kutoka Majengo kuja Kibokoni na watu wengine, ambao siwataji. Walikuja wanne na sare, kazi ikaisha kwa saa 2. Walisugua mawe, wakaosha chujio kwa maji ya mfereji, wakamwaga maji ya zamani yote chini wakatia mapya. Tangi likang'aa kama dirisha la sonara. Tulikuwa na samaki 9 wakati ule. Siku ya kumi walibaki 3, na kijana wangu alikuwa anawazika kwenye chungu cha mlangilangi bila kuniambia.

Kosa lilikuwa ule usafi. Samaki hukojoa na kunya humo humo anamoishi, na uchafu ule hugeuka amonia, ambayo ni sumu. Kinachomwokoa ni bakteria wanaoila amonia wakaitoa kama naitraiti, na wenzao wanaoichukua hiyo naitraiti wakaigeuza naitreti, isiyo na makali. Bakteria hao hawaishi majini kwa wingi. Wanaishi juu ya mawe, kwenye mchanga na ndani ya sponji ya chujio. Maji ya mfereji yana klorini, na klorini imetiwa humo kuua bakteria. Ukiosha sponji kwa maji hayo umewaua watumishi wa nyumba yote, kisha unashangaa takataka zinajaa.

Sasa huyu fundi wangu. Ni kijana mmoja wa Kisauni na wasaidizi wawili na pikapu ya kukodi. Nilielekezwa kwake na jirani. Jambo la kwanza lililonipendeza ni kwamba alikuja siku tano kabla, akakaa kwenye kigoda mbele ya tangi robo saa nzima bila kusema. Kisha akaniuliza mchanga una umri gani. Nikamwambia miaka miwili. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za msiba.

Masharti yake yalikuwa machache: nisioshe chujio juma lile, nisinunue samaki mpya, nisiwalishe kuanzia usiku wa kuamkia safari ili wasichafue ndoo. Bei shilingi 12,000, pamoja na kurudi mara tatu: siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne. Nilimwuliza kwa nini arudi mara zote hizo. Akasema, "Mama, kubeba hata mkokoteni unabeba." Hapo ndipo niliposaini, kwa maana ya kumpa nusu ya pesa.

Siku yenyewe tuliahidiana saa 2 asubuhi, akaja saa 4. Hilo nimeliandika kwenye daftari. Alikuja na shikamoo ndefu na sababu fupi.

Lakini alipoanza, alianza vizuri. Kwanza maji: mitungi 7 ya lita 20, yaani lita 140 za maji ya zamani, yamevutwa kutoka juu kwa mpira kabla mtu hajatia mkono na kutibua chini. Kisha mawe, kila moja likaingia moja kwa moja kwenye ndoo ya maji ya tangi lile lile, bila kuachwa likauke hata dakika. Mawe yakiisha samaki hawana pa kujificha. Akapunguza maji mpaka yakabaki kimo cha shibiri, ndipo akawachukua samaki, na hakutumia wavu kwa Daktari. Kile kisu cha mkia hunasa kwenye nyuzi, samaki akajiumiza akijipigania. Alimwelekeza taratibu ndani ya bakuli kubwa la plastiki, akamtoa na maji yake. Ndoo ya Daktari peke yake, klauni pamoja, kitatange na kamba kila mmoja na yake. Kila ndoo kifuniko, na pampu ndogo ya hewa ya betri ikitoa viputo.

Mchanga ulikuwa wa mwisho, na hapo nikaelewa kile kichwa alichotikisa. Alipouchota, chini ulikuwa mweusi, na harufu ya mayai viza ikajaa chumba mpaka jirani wa chini akabisha hodi. Kule chini hewa haifiki, na kinachozaliwa huko ni gesi yenye sumu. Ukiuhamisha mchanga kama ulivyo na kuumwagia samaki juu yake, umewachanganyia sumu kwa mkono wako. Yeye alitupa ule mweusi wote. Akaweka kikombe kimoja tu cha mchanga wa juu, kama mtu anavyoweka hamira.

Tangi likashuka tupu, likiwa limelazwa juu ya kipande cha godoro, watu watatu, na mimi juu ya ngazi nikisoma nyiradi. Pikapu haiingii vichochoro vya Kibokoni, kwa hiyo kila kitu kilikwenda kwa mkokoteni hadi barabarani. Watoto walifuata nyuma wakiuliza kama tunauza.

Tukavuka Daraja la Nyali saa 7 na jamu yake. Tulipofika Kiembeni, mitungi 5 ya maji mapya ya bahari ilikuwa imeshapangwa barazani, imeletwa na kijana aliyemwagiza. Na hapa ndipo nyota ya tano ilipopotelea.

Mimi nina refraktomita yangu, kile kipimo cha chumvi ya maji. Mtu wa maabara haachi kupima, hata akistaafu. Nikatia tone la yale maji mapya: 29. Bahari yetu ni 35 kwa elfu, na tangi langu nalishikilia hapo hapo. Nikamwita fundi. Akatoa refraktomita yake, akatia tone, akanionyesha kwa ujasiri: 34.

"Mama, chako kimezeeka."

Basi, sikubishana. Nilikuwa na maji ya kunywa ya dukani, yale yaliyochujwa chumvi yote, ya kwenye chupa kubwa. Nikatia tone kwenye changu: sufuri. Nikatia tone kwenye chake: 5. Maji yasiyo na chumvi yanasoma 5! Nikamrudishia mkononi, nikanyamaza. Kunyamaza kwa mtu mzima kunajulikana.

Kwa haki yake, hakujitetea. Alichukua bisibisi ndogo akakizungusha mpaka mstari ukashuka sufuri, akapima upya maji ya baraza: 29. Kisha akampigia simu aliyeleta maji. Kumbe yametekwa Tudor, asubuhi, maji yamekupwa, na usiku kucha mvua ya masika ilikuwa imenyesha. Hori lile hupokea maji ya mito. Ukilichota wakati huo unachota bahari iliyotiwa maji kama maziwa ya mchuuzi mbaya. "Bahari ni moja, bosi," nilimsikia yule akisema kwenye simu. Nikadakia kwa sauti: bahari ni moja, lakini mvua je?

Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha. Lita 140 za 35 na lita 100 za 29 zinatoa 32 na nusu. Samaki wangevumilia, hata hawangejali sana. Kamba na konokono ndio wangeumia, wao hawana uwezo wa kudhibiti chumvi ya miili yao kama samaki. Na mtu mwingine asiye na kipimo angeamka keshoye akakuta kamba amelala ubavu, akasema ni hasadi.

Siku ile ilikuwa ya pili tangu mwezi kuandama, bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na bamvua hapa Mombasa maji hujaa mwendo wa saa 10 jioni. Fundi akamwaga mitungi yote, akaenda mwenyewe ufuo wa Nyali kungoja maji yajae, akarudi saa 11 na nusu na maji ya 35. Nilimpimia mtungi mmoja mmoja. Hakununa.

Wakati yeye yuko ufuoni, wasaidizi wake walisimamisha tangi. Waliweka pimamaji juu ya meza yake, wakakuta sakafu ya nyumba mpya inainama upande wa mlangoni (mwenye nyumba anasema ni mimi ninayeinama). Wakatia kipande cha mpira chini ya mguu mmoja mpaka kiputo kikakaa katikati. Ni jambo dogo, lakini tangi likikaa upande, uzito wa maji unasukuma kona moja ya kioo usiku na mchana. Mchanga mpya, uliooshwa kwa maji ya bahari, ukalazwa kidogo tu, kimo cha kidole. Mawe na maji ya zamani yakarudi, pampu zikawashwa, na samaki wakasubiri kwenye ndoo mpaka vumbi litulie. Maji mapya yaliongezwa polepole, na ndoo zikadondoshewa maji ya tangi kwa kimrija kilichofungwa fundo, kama dripu. Saa 2 usiku wote walikuwa ndani. Taa hatukuwasha mpaka asubuhi. Daktari alipauka kama kanga iliyofuliwa mara mia, akajibana nyuma ya jiwe.

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Ingekuwa ndiyo hesabu yote, ningempa nyota tatu na nasaha.

Siku ya tatu alirudi, saa 10 kama alivyosema. Tulipima amonia pamoja. Kile kipimo cha matone, maji mazuri hubaki manjano kama ndimu iliyoiva. Yetu yalianza kuelekea kijani: robo miligramu kwa lita. Kesho yake nusu. Hilo linatarajiwa, maana mchanga wa zamani uliondoka na sehemu ya bakteria. Lakini katika maji ya bahari, yenye pH ya 8.2 na joto letu hili, amonia kidogo ina makali kuliko ingekuwa nayo kwenye maji baridi ya mtoni. Akaniamuru nibadilishe lita 50, nipunguze chakula kiwe kidogo mara moja kwa siku, na nitie Seachem Prime, ambayo kijana wangu aliniletea chupa kutoka Doha. Ile, kwa maneno ya watengenezaji wake, huifunga amonia isidhuru huku bakteria wakizaliana upya. Kipimo chake ni mililita 5 kwa lita 200, kwa hiyo langu, lenye maji lita 240, nalipimia 6 kwa sirinji. Chupa moja imenitosha na bado ipo, na kama nimejuta kitu ni harufu yake tu. Siku ya nane maji yalirudi manjano ya ndimu.

Katikati ya hayo umeme ulipotea jioni moja, saa 4 nzima. Pampu zikinyamaza, maji ya nyuzi 28 hayana akiba kubwa ya hewa, na samaki huanza kupanda juu kupiga midomo. Fundi alikuwa ameniachia moja ya zile pampu za betri "kwa dharura", bila kudai. Niliikalia pembeni kwa kurunzi kama mlinzi wa benki. Wote walifika asubuhi.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, Daktari alikuwa na madoa. Meupe, madogo, kama mtu amemnyunyizia chenga za chumvi kwenye mapezi, na anajikuna kwenye jiwe. Wanaofuga wanajua moyo unavyoanguka. Huyu ni mdudu mdogo asiyeonekana, Cryptocaryon, na makangaja ndio kipenzi chake. Mara nyingi huwa yupo muda wote, samaki mwenye afya anamhimili. Ukimhamisha, ukamtisha, ukambadilishia maji, kinga inashuka na mdudu anapata sherehe.

Nilipiga simu saa 12 na nusu. Haikuwa siku yake ya kuja. Alikuja kabla ya saa 3.

Mimi nilikuwa nimeshashika chupa ya dawa ya shaba niliyouziwa mahali fulani. Akainyakua karibu anipokonye, akaomba radhi baadaye. Shaba inaua mdudu huyo, ni kweli, lakini ukiitia ndani ya tangi lenyewe inaua kamba na konokono pia, na mawe huifyonza usijue tena kipimo kimebaki ngapi. Akanieleza njia nyingine, isiyo na dawa kabisa, inayotaka maji mengi ya bahari na subira. "Na sisi maji ya bahari tunayo bure, mama."

Njia ni hii. Mdudu hukaa juu ya samaki siku chache, kisha huanguka, hujibandika chini na kujifunga gamba ili azae. Hawezi kuanguka na kuangua chini ya siku tatu. Kwa hiyo unawaweka samaki wote kwenye pipa la maji masafi, na kabla saa 72 hazijaisha unawahamishia pipa jingine safi kabisa, kavu, lenye maji mapya. Walioanguka wamebaki nyuma. Pipa la kwanza unalimwaga, unaliosha, unalianika juani. Unarudia hivyo mara nne. Sisi tulitumia mapipa mawili ya lita 100 aliyoyaleta yeye, kipande cha bomba la plastiki humo ndani wajifiche, hita na pampu ya hewa. Maji ya kila zamu aliyateka mwenyewe wakati wa kujaa, na kila mtungi ulipita mbele ya macho yangu na vipimo vyote viwili, chake na changu, vikisoma sawa.

Siku ya kumi na mbili ya tiba hiyo Daktari alikuwa safi, anakula mwani niliombania kwenye kibanio cha nguo.

Lakini tangi kubwa lilikuwa bado na wadudu. Bila samaki wa kumkalia, mdudu huangua akafa njaa, ila magamba mengine huchelewa sana. Kanuni wanayoifuata wafugaji ni kuliacha tangi bila samaki siku 76. Sabini na sita! Kamba na konokono walibaki wenyewe humo kama warithi. Kwa ajili ya samaki, fundi akanikodishia tangi dogo la lita 100 lenye sponji iliyokwishakomaa, shilingi 2,000 kwa mwezi, na kila juma alipita kutazama, ingawa zile safari tatu za mkataba zilikuwa zimekwisha zamani.

Wamerudi nyumbani katikati ya mwezi wa nane. Wanne walitoka Kibokoni, wanne wapo. Kitatange alipungua kidogo, sasa amejaza tumbo. Jike la klauni lilimfukuza kamba siku mbili, likachoka.

Kwa hiyo nyota nne. Kuchelewa saa 2 ningemsamehe. Kipimo kisichosawazishwa simsamehei haraka, kwa sababu nilimwuliza ni watu wangapi amewahamishia kwa kipimo kile, akaangalia chini akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Ukimwita, na mimi nasema mwite, mwambie atie tone la maji yasiyo na chumvi kwanza, mbele yako, na akwambie maji mapya yametekwa wapi na saa ngapi. Hataudhika, ameshazoea. Jumla iliyonitoka, pamoja na maji na kukodi tangi, imekaribia shilingi 20,000, ambayo ni zaidi ya thamani ya samaki wenyewe. Nimemwambia hivyo kijana wangu kwenye simu. Akacheka, akauliza kama Daktari anakula.

Tangi lake dogo bado liko ukumbini kwangu. Nimemwambia aje alichukue Jumamosi, na asisahau kuja na refraktomita.